Debe Ambalo Bibi Haligusi

Hotuba ya siku ya baraka ya mbegu, katika kijiji cha mwambao wa ziwa, wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church), Bwana asifiwe. Waislamu mlioitikia mwaliko, Asalaam aleikum. Bibi zetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Mwangaluka.

Baba Paroko ametupa nafasi kabla ya kubariki mbegu. Ametuomba kamati ya kilimo tusiongelee mbolea wala bei ya pamba, tuongelee imani ya bibi zetu katika miaka migumu ya shamba. Tumekubali, ila atuwie radhi: imani ya bibi huwezi kuisimulia bila kugusa debe, kihenge na muhogo.

Mnaikumbuka Zaburi ya 126. Kuna mtu anakwenda shambani huku analia, na amebeba mbegu. Wahubiri wengi hukimbilia mwisho wa zaburi ile, pale mtu yule anaporudi na miganda kwa furaha. Bibi husimama kwenye kilio. Mtu mwenye mbegu mkononi analilia nini? Analia kwa sababu mwezi wa Novemba mbegu ni chakula. Nyumbani watoto wamelalia uji mwepesi, na yeye amejitwika mahindi mazuri kuliko yote yaliyobaki ndani, anakwenda kuyafukia.

Tuweke hesabu, maana bibi huiweka. Mahali ambapo nafaka ndiyo chakula karibu chote, mtu mmoja hula kilo kama 12 kwa mwezi. Nyumba ya watu 6 inakula kilo 72, yaani madebe 4. Debe moja la mahindi makavu lina kilo 17 au 18. Kwa hiyo lile debe la mbegu lililofunikwa kwenye kona lingewalisha watu 6 kwa wiki moja tu na siku kidogo. Wiki moja! Ndiyo thamani yake likiingia chunguni. Likiingia ardhini, linatosha ekari nzima, kwa kuwa ekari moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10, na linabakiza karibu mbegu ya kurudia ekari hiyohiyo.

Hiyo mbegu ya kurudia vijana wengi huisahau. Mvua zetu za mwanzo ni za kudanganya. Wingu linatoka ziwani mwishoni mwa Oktoba, linamwaga usiku mmoja kwa kishindo, watu wanaamka na majembe. Kisha jua wiki mbili au tatu. Mbegu imeshachipua, mzizi uko kwenye vumbi, mche unaungua. Bibi akiona mvua ya kwanza hushukuru Mungu, kisha huchimba. Anachimba mpaka kina cha kiganja na vidole vyote, anachukua udongo wa chini na kuufinya. Ukishikamana, anapanda. Ukimwagika kama majivu, anarudi nyumbani. Na hata akipanda hapeleki debe zima. Anapeleka theluthi, anangoja mvua ya pili, anapeleka theluthi nyingine. Kuna wanaoona hapo ni imani haba: kama umemwomba Mungu mvua, mbona unabakiza mbegu? Sisi tunaona kinyume. Asiyeamini kwamba kesho ipo ndiye anayemaliza debe leo.

Mbegu yenyewe haichaguliwi kihengeni. Inachaguliwa shambani, mabua yakiwa bado yamesimama. Bibi anafunga kitambaa kwenye mabua yenye afya yaliyo katikati ya shamba, kwa sababu yale ya pembeni yamepata chavua ya shamba la jirani. Anafunga mengi, yasipungue 50, maana mbegu ya mabua matano ikirudiwa miaka kadhaa inazaa mahindi yaliyodumaa. Anapukuchua punje za katikati ya hindi, za nchani na za shinani anapeleka jikoni. Na mbegu chotara ya dukani haihifadhiwi hivi hata kidogo: mwaka wa kwanza inajaza gunia, mwaka wa pili watoto wake hawafanani na mama, na mavuno yanashuka.

Kabla ya kuhifadhi, mbegu ikauke kwelikweli. Kipimo ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje hadi robo yake, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa, kisha acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikishuka yote chini, hifadhi. Ukifungia mahindi mabichi unafuga uvundo.

Wapo bibi wanaoyafunga mahindi ya mbegu kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya mafiga. Moshi unawafukuza dumuzi na fukusi. Kosa ni kuyashusha karibu mno na moto, kwani joto linaua kiini na punje inabaki nzuri kwa macho, haioti. Weka mkono wako pale yalipo. Ukiona unashindwa kuuacha, yapandishe. Mwenye debe zima atumie mfuko wa PICS, ule wenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia: unajazwa mpaka juu, unakamuliwa hewa, kila mfuko unafungwa peke yake, na haufunguliwi kila siku kuchungulia. Mwenye kilo chache, chupa za maji za plastiki zinatosha, ila zijazwe mpaka shingoni. Mdudu aliyefungiwa humo hukosa hewa akafa.

Na tuseme hili kwa sauti, kwa sababu mwaka wa njaa huleta majaribu: mbegu iliyotiwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya kijani, hailiwi. Kuiosha hakusaidii. Dawa imeshaingia.

Sasa mfungo. Jumatano ya Majivu haitangulii tarehe 4 Februari wala haivuki tarehe 10 Machi. Angalieni shamba liko wapi siku hizo. Kihenge kimefika chini, mahindi ya vuli yanabeba au yamepigwa na kiangazi kifupi cha Januari na Februari, viazi vipya bado. Kanisa linafunga wakati uleule ambao nyumba inafunga bila kupenda. Bibi anajua kuunganisha hivyo viwili, na hapo kuna uzuri mkubwa: njaa yake anaipa jina, anaitolea, haimdhalilishi.

Lakini humo humo kuna jambo la kuangalia. Sheria ya Kanisa inamdai mfungo mtu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa sitini. Bibi wa miaka 70 hadaiwi. Mwingine anakwambia "nimefunga" kumbe chakula ni cha watu watano na nyumba ina watu sita. Wajukuu, msilipokee neno hilo kirahisi. Ukisikia bibi amefunga siku ya nne mfululizo, kaangalie chungu. Kwa Waislamu pia, mzee asiyeweza kufunga anatoa fidia, anamlisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Hakuna dini hapa inayomwagiza bibi ajiue njaa.

Matobolwa na michembe mnayajua kuliko sisi, tutapita haraka. Michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyomenywa, vikakatwa na kuanikwa; matobolwa vimechemshwa kwanza. Kazi hiyo ni ya Juni mpaka Agosti, mawe yakiwa na joto na mvua haipo. Mawe ya Mwanza watu wanayapiga picha, bibi anayaona kama kichanja. Kipande kikauke mpaka kivunjike kwa mlio. Kikipinda, kitaoza kihengeni. Bibi aliyeanika Julai ana cha kuwapa watoto siku ya Ijumaa Kuu.

Muhogo tutakaa nao, kwa sababu ndio unaotuokoa mwaka mbaya na ndio unaotuumiza.

Muhogo mchungu una sumu, na ukame huiongeza. Bibi zetu waliijua dawa yake muda mrefu kabla ya maabara: udaga. Muhogo unamenywa siku uliyochimbwa, unapasuliwa, unaanikwa siku moja upungue maji, unarundikwa na kufunikwa siku 3 hadi 4 mpaka uote ukungu na kulainika, ukungu unakwanguliwa, muhogo unatwangwa vipande vidogo na kuanikwa ukauke kabisa. Wengine huloweka majini siku 3. Kwa njia zote mbili linalofanyika ni moja: muhogo unalainika, chembe zake zinapasuka, sumu inaachia na kutoka na hewa. Vipande vikubwa vilivyoanikwa juani tu bila kuvundikwa vinabaki na sumu nyingi ndani.

Mwaka wa njaa kinachokatwa ni zile siku. Watoto wanalia, muhogo umechimbwa Jumatatu, Jumanne umeshakuwa ugali. Mwaka 1985, wilayani Tarime, jirani zetu wa mashariki ya ziwa, mkoa wa Mara, watu walipooza miguu kwa sababu hiyo. Ugonjwa unaitwa konzo. Unaingia ghafla, unakamata miguu yote miwili, unawapata zaidi watoto na akina mama, na haurudi nyuma: aliyepooza amepooza. Unawakamata hasa wanaokula muhogo peke yake bila kitoweo, kwa kuwa mwili unahitaji protini ili uitoe ile sumu. Hapa kwetu kitoweo hicho ni dagaa. Konzi ya dagaa katika mboga ya mwezi wa njaa ni dawa, usiiuze yote.

Kama unga umeshasagwa na una wasiwasi nao, kuna njia. Changanya unga na maji uwe tope zito, utandaze juu ya sinia au turubai kwa unene usiozidi sentimeta 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Saa mbili tu. Bibi anaweza kusali rozari nzima hapo na muda ukabaki.

Tukiwa bado kwenye muhogo, kuna sadaka inayohitaji macho. Hapa kwetu jirani akikosa pingili, vile vipande vya shina la muhogo vya kupandia, anapewa bure, hakuna anayeuza pingili kwa jirani akaonekana mtu wa Mungu. Ni desturi njema. Ila magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili. Batobato unaiona kwenye majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ni mjanja: shina linaweza kusimama na majani yanayopendeza, ukichimba mizizi imeoza, ina vipande vya kahawia vigumu kama gamba, haifai hata kwa nguruwe. Bibi anayetoa pingili kwa moyo mweupe anaweza kugawa njaa kwa nyumba kumi. Kwa hiyo kabla ya kutoa, chimba mashina matatu au manne ya sehemu tofauti, kata mizizi, angalia ndani. Ukiona kahawia, shamba lile halitoi mbegu. Mashina mazima ndiyo yanakatwa pingili za sentimeta 25 hadi 30, kwa kisu kikali, na kupandwa mita 1 kwa mita 1, pingili kama 4,000 kwa ekari. Watafiti wa kilimo wa kituo cha Ukiriguru wametoa aina zinazostahimili zaidi, na mojawapo inaitwa Mkombozi. Jina limekaa vizuri kwenye mkutano wa leo, lakini hata Mkombozi huyo akichukuliwa kutoka shamba lenye ugonjwa, baada ya misimu kadhaa anachoka.

Kwa upande wa kutoa, Waislamu wametushinda kwa vipimo, tuwasifu. Nafaka zao zikifika wasaki 5, kama kilo 653, zaka inatoka: moja ya kumi kwa shamba la mvua, nusu ya hapo kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Chini ya hapo mkulima hadaiwi. Sisi Wakatoliki tunaimba "malimbuko" kisha kila mtu analeta analojisikia, na mnada wa mazao nje ya kanisa unakuwa wa kuku wawili na mkungu wa ndizi.

Sasa jambo zito, na Baba Paroko ameturuhusu.

Mvua ikikata, ng'ombe wakifa, mtoto akipooza miguu, kijiji kinatafuta mtu. Na Usukumani mtu anayetafutwa mara nyingi ni bibi. Kigezo kinachotajwa ni macho mekundu. Tuseme macho hayo yanatoka wapi. Bibi amepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha. Miti imeisha, kuni zake ni mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na samadi ina moshi unaochoma kuliko kuni. Ongeza trakoma, ambayo hugeuza kope zikawa zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Hayo ndiyo macho mekundu. Ni macho ya mtu aliyewapikia. Yule anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani amefunga mvua, anarudi na jina la mwanamke aliyemlisha utotoni. Na mara ngapi anayeongoza msafara wa kwenda kwa mpiga ramli ni yule anayelitaka shamba lake?

Bibi mwenye imani katika hali hiyo anajua anachosemwa. Anasikia salamu zikipungua kisimani. Anaendelea kuja Misa ya kwanza, anaendelea kuketi pale pale, na hasemi jina la mtu. Ukimsikiliza akisali, hataji adui. Anataja mvua, wajukuu, na marehemu. Ramli anazijua tangu utoto, na amekataa kuzitumia hata za kujisafishia jina. Kukataa huko tunakuona kuwa kuzito kuliko novena yoyote.

Basi jumuiya ifanye yake. Jumuiya ndogo ndogo inakutana kila wiki kwa zamu za nyumba. Kijijini kukiwa na mnong'ono juu ya bibi fulani, zamu ihamie kwake wiki hiyohiyo, na ibaki kwake wiki inayofuata. Nyumba yenye watu 20 wanaoimba jioni si nyumba ya kuvamiwa kirahisi. Mnong'ono ukigeuka kuwa tishio, mwenyekiti wa jumuiya aende kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyo, asingoje Jumapili. Ramli chonganishi ni kosa, na Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Vijana mtoboe dirisha katika jiko la bibi, upande unaotazama mbali na upepo wa ziwa, na tundu la moshi karibu na paa. Kazi ya saa tatu. Macho yapelekwe hospitali, kope zilizogeuka hunyooshwa kwa upasuaji mdogo. Na shamba lake liandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa na kijiji kwa jina lake mwenyewe. Shamba likishaandikwa kwa jina lake, anayelitamani anajua hata akimsingizia hatalipata kwa mkato.

Baada ya mavuno tutakwenda Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliziingiza ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili yanayoshindana kucheza, katika sikukuu ya Ekaristi. Tutashangilia, na bibi watapiga vigelegele. Huo ni mwezi wa Juni. Leo ni Novemba, na mbegu bado ziko kwenye vitambaa.

Siku sita zilizopita tuliomba kila nyumba ihesabu punje 100 kutoka kwenye debe la mbegu, izifunge kwenye kitambaa chenye maji na kukilowesha asubuhi na jioni. Fungueni sasa, kabla Baba hajapita na maji ya baraka. Hesabuni zilizotoa mzizi. Wenye 85 kwenda juu, pandeni kilo 10 kwa ekari kama kawaida. Wenye 70, ongezeni mpaka kilo 12. Chini ya 50, kama haikutiwa dawa, ni ya ugali, na mtuambie leo ili wenye ziada wawapimie kabla hatujatawanyika; debe tupu liko pale mlangoni. Tunaanza na bibi wa safu ya mbele. Mama, umepata ngapi?